Seli zinapokataa kupukutika: Neno kutoka Aberdeen na ng'ombe wa Nyeri

MWANAFUNZI mmoja wa biolojia aliniandikia majuma matatu yaliyopita akiniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Kwao ni karibu na Karatina, Kaunti ya Nyeri. Alikuwa akijaribu kumweleza nyanyake anachosomea chuoni, akafika mahali pa kusema kwamba seli za kinga huzaliwa mwilini kwa mamilioni na nyingi zake hufa kwa mpango wa mwili wenyewe. Hapo akakwama. Kwa Kiingereza neno analo, apoptosisi, tena amelitahiniwa mara mbili. Kwa Kiswahili hana. "Mwalimu, nikisema seli zinajiua, cucu anashtuka. Nikisema zinakufa tu, ananiuliza ni ugonjwa gani. Sasa nisemeje?"

Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja. Lakini kila nilipolifuata neno hilo nilijikuta nimerudi katika zizi la kwetu, kwenye ugonjwa ambao mfugaji yeyote kuanzia Othaya hadi Nanyuki anaujua kwa uchungu, na ambao kiini chake, kumbe, ni seli ya kinga iliyokataa kufa. Basi naomba mpenzi msomaji anivumilie. Leo tutazungumza lugha, lakini tutakanyaga samadi pia.

Tuanze na neno lenyewe. Mwaka 1972 John Kerr, mtaalamu wa patholojia kutoka Brisbane, Australia, alikuwa katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland, akifanya kazi na Alastair Currie na Andrew Wyllie. Kwa miaka kadhaa Kerr alikuwa ameona katika maini ya panya seli zilizokufa kwa namna ya ajabu. Seli iliyojeruhiwa kwa kawaida huvimba, hupasuka na kuwamwagia majirani uchafu wake. Mahali hapo huwa pekundu, hupata joto, pengine hutunga usaha. Hizi alizoziona Kerr hazikuvimba. Zilisinyaa, zikajigawa vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, na seli za kando zikavimeza vipande hivyo. Hapakubaki hata kovu.

Walihitaji jina la kifo cha aina hiyo. Wakamwendea James Cormack, profesa wa Kigiriki katika chuo hicho hicho, naye akawapa neno la kale linalotaja kuanguka kwa majani kutoka mtini au petali kutoka uani. Makala yao ilitoka mwaka huo huo wa 1972 katika jarida la Uingereza la saratani, na ndani yake mna tanbihi inayofundisha namna ya kulitamka neno hilo: mkazo uwe kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ile p ya pili isisikike. Silabi ya pili kutoka mwisho! Waliliwekea mkazo wa Kiswahili pasipo kujua.

Nalipenda tukio hilo dogo. Wanasayansi walivuka ua wakabisha hodi katika idara ya lugha, na mtu wa lugha alikuwa na jambo la kuwapa. Kwetu idara ya Kiswahili na idara ya biolojia huweza kupakana kwa miaka thelathini na zikakutana tu kwenye foleni ya chai.

Lau Cormack angekuwa Mswahili, angewapa nini? Naamini angewapa kupukutika. Kitenzi hiki kamusi zetu zinakijua vizuri: majani hupukutika, maua hupukutika, nywele hupukutika. Kinataja kitu kinachobanduka pale kilipokuwa kimeshika, kimoja baada ya kingine, bila kung'olewa kwa nguvu. Kwa hiyo upukutikaji wa seli ndiyo apoptosisi, na seli iliyokufa hivyo imepukutika.

Najua pingamizi litakalokuja. Watu husema pia kwamba wakati wa njaa au tauni watu walipukutika, yaani walikufa kwa wingi, na hapo neno lina kilio ndani yake. Sikatai. Lakini hata matumizi hayo yamekopwa kwa majani, na muktadha hutosha kuyatenganisha. Wapo wanaopendelea kifo kilichopangwa. Ni sahihi, ila ni tafsiri ya maelezo zaidi kuliko jina, tena kwa masikio ya wengi kifo kilichopangwa ni kesi ya mauaji mahakamani. Kuhusu seli kujiua, nakubaliana na cucu wa Karatina.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niling'ang'anie neno hili, na sababu hiyo iko kwenye mipaka ya mashamba ya Nyeri. Anayetoka huko anaujua mti wa grevilea, ambao Wakikuyu huuita mukima. Majani yake huanguka mwaka mzima, na sisi tulipokuwa watoto kazi yetu ya Jumamosi ilikuwa kuyazoa kwa magunia na kuyatandika zizini ng'ombe walalie. Sasa, upepo ukivunja tawi la mukima likabaki linaning'inia, majani yake hukauka, hugeuka kahawia, lakini hayaanguki. Hukaa pale pale yamekufa. Jani haliangushwi na kifo. Linaangushwa na mti ulio hai, unaotengeneza mstari mwembamba kwenye kikonyo na kulikata hapo. Tawi lililovunjika halina tena uhai wa kufanya kazi hiyo. Ndivyo ilivyo kwa seli: ili ipukutike lazima iwe na nguvu za kupukutika. Inawasha mitambo yake yenyewe, inatumia nishati, inafuata hatua. Ile inayopasuka kwa jeraha ni jani la tawi lililovunjika.

Haya, tuje kwenye seli T, maana ndizo hasa mwanafunzi wangu alikuwa akizisimulia. Herufi T ni ya thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, kubwa kwa mtoto na kwa ndama, na inayosinyaa kadiri umri unavyosonga. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari wengi waliiona kama mabaki yasiyo na kazi. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, alionyesha kwamba panya aliyeondolewa thaimasi mara tu baada ya kuzaliwa hukua bila kinga ya maana. Baadaye ikajulikana kwamba humo ndimo askari wanaoitwa seli T hufundishwa.

Mafunzo hayo ni makali. Kila seli T changa hupewa kipokezi chake cha kutambulia adui, na vipokezi hivyo hutengenezwa kwa kubahatisha, kama mtu anayechonga funguo maelfu bila kuiona kufuli. Nyingi hazifungui chochote. Nyingine ni hatari zaidi: zinafungua mlango wa nyumbani, yaani zinaushika mwili wenyewe kana kwamba ni adui. Makundi yote mawili hupukutishwa humo humo ndani ya tezi. Zaidi ya asilimia 95 ya seli zinazoingia mafunzoni hazitoki. Hasara hiyo ndiyo inayotuwezesha kuwa na kinga isiyotushambulia sisi wenyewe.

Upukutikaji wa pili huja baada ya vita. Virusi vikiingia, seli T chache zinazovitambua hugawanyika, na kugawanyika tena, hata kwa muda wa wiki moja hivi zikawa maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana ukiwa na homa unavimba mitoki kwapani au chini ya taya. Adui akishaondoka, jeshi hilo halina kazi, na jeshi lisilo na kazi ni hatari kwa wenyeji. Sehemu kubwa yake hupukutika katika siku chache zinazofuata. Hubaki seli kidogo tu za kumbukumbu, ambazo zitamtambua adui yule yule akirudi.

Je, zisipopukutika? Jibu lilipatikana kwa panya fulani wa maabara ambao mitoki na bandama zao zilivimba kupita kiasi na miili yao ikajishambulia. Mwaka 1992 Shigekazu Nagata na wenzake huko Osaka walionyesha kwamba panya hao wana kasoro katika protini iitwayo Fas, ambayo hukaa juu ya seli kama kengele ya mlangoni: ikibonyezwa, seli huanza kupukutika. Miaka mitatu baadaye kasoro ya Fas ikapatikana kwa watoto wenye mitoki iliyovimba isiyopona na bandama kubwa. Seli zao za kinga zilizaliwa sawasawa na zikapigana sawasawa. Zilichoshindwa ni kuondoka.

Mitoki iliyovimba. Hapo ndipo niliposimama kusoma, nikamkumbuka ng'ombe wetu.

Nilikuwa darasa la sita. Alikuwa ng'ombe wa gredi, mweusi wa mabaka, na maziwa yake ndiyo yaliyonunua sare zetu na kulipa karo ya kaka yangu mkubwa. Josho la kijiji lilikuwa limekauka tangu mwaka uliotangulia. Asubuhi moja aligoma kula. Chini ya sikio palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai. Siku ya tatu ukawa mabegani pia, na mwili wake ulikuwa moto ukimgusa. Daktari wa mifugo alifika siku ya tano kwa pikipiki.

"Daktari, ni nini hiki?" mama aliuliza.

"Ni ECF, mama."

"ECF ndiyo nini?"

"Homa ya pwani."

Mama alinyamaza kidogo, akamtazama ng'ombe, kisha akasema, "Lakini sisi hatujawahi kumpeleka ng'ombe pwani."

Daktari hakuwa na jibu, na simlaumu. Sindano aliyokuja nayo ilikuwa imechelewa. Ng'ombe alikufa akitoa povu jeupe puani. Kaka yangu alikaa nyumbani muhula mzima.

Jina lile lililomtatiza mama lina historia yake. Mnamo 1897 na 1898 Robert Koch, yule yule wa kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam wakati wa utawala wa Wajerumani, akaona vijidudu vidogo sana katika damu ya ng'ombe. Hakutambua bado kwamba ni ugonjwa wa peke yake. Mwanzoni mwa karne iliyofuata ng'ombe walisafirishwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi Beira, wakapelekwa bara katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na ng'ombe wa huko wakaanza kufa kwa maelfu. Walowezi wa kusini wakaubandika ugonjwa jina la mahali walikodhani umetoka: homa ya pwani ya mashariki. Kwa hiyo ni jina lililotungwa na watu wa kusini wakinyoosha kidole kuelekea kwetu. Mwaka 1904 Charles Lounsbury alieleza kwamba anayeubeba ni kupe wa kahawia apendaye masikio, na mwaka huo huo Arnold Theiler akampa mdudu jina la Kilatini lenye maana ya kidogo, parva. Baadaye jenasi nzima ikaitwa Theileria kwa heshima yake.

Wafugaji wenyewe walikuwa na majina yao kabla ya hapo. Wamasai huuita oltikana. Wanyankole wa Uganda huuita amakebe. Kiswahili cha Tanzania kimechukua ndigana, na hata kikatofautisha ndigana kali, ambayo ndiyo hii, na ndigana baridi, ambayo ni ugonjwa mwingine wa kupe. Huo ni uainishaji wa kitaalamu kabisa. Sielewi kwa nini Kiswahili cha Kenya kinaendelea kutafsiri kosa la kijiografia la walowezi ilhali jirani ana neno. Kuanzia hapa nitasema ndigana kali.

Katika nchi ya Mlima Kenya ugonjwa huu uliishi na watu kwa namna fulani ya suluhu. Ndama wa zebu aliumwa na kupe akiwa mdogo. Aliyekufa alikufa, aliyepona hakuugua tena. Suluhu hiyo ilivunjika walowezi walipoleta ng'ombe wa Ulaya kwenye mashamba ya Nyeri, Naro Moru na Nanyuki, maana hao walikufa kama inzi. Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliokuja katikati ya Hali ya Hatari, uliwafungulia wakulima wengi Waafrika mlango wa kahawa na ng'ombe wa gredi, na ng'ombe wa gredi akaja na josho. Kwa miongo kadhaa josho lilikuwa sehemu ya wiki ya mtu wa Mathira, Tetu au Mukurweini kama vile soko. Kisha, katika miaka ya 1990, serikali ilipojiondoa katika huduma nyingi za mifugo, majosho mengi yaliachiwa kamati za vijiji na mengi yakafa.

Huku nyuma, kilomita chache nje ya Nairobi, palikuwa na watu waliomtazama mdudu huyu kwa darubini. Muguga, katika Kaunti ya leo ya Kiambu, palikuwa na kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1964 Hulliger na wenzake wa Muguga walieleza jambo la kustaajabisha. Kimelea hiki kinapoingia ndani ya seli ya kinga hakiiui. Kinajishikiza kwenye nyuzi zile zile ambazo seli hutumia kugawanya kromosomu zake. Seli ikigawanyika, kimelea kinavutwa huku na huku, kinakatika, na kila seli binti inarithi kipande chake. Vimelea vingi huiteketeza nyumba vilimoingia. Hiki huongeza vyumba.

Mwaka 1970, hapo hapo Muguga, Malmquist, Nyindo na Brown walichapisha habari za seli za bandama ya ng'ombe zilizoambukizwa na kuoteshwa ndani ya chupa. Seli za kawaida za kinga zikitolewa mwilini na kuwekwa chupani bila msaada hupukutika upesi. Hizi hazikupukutika. Ziligawanyika wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, kadiri zilivyolishwa. Mwaka 1973 Brown na wenzake walionyesha kwamba seli nzima za limfu zinaweza kuchukuliwa na kugeuzwa hivyo chupani, kwa kuongezewa tu vimelea kutoka kwa kupe.

Hebu tazama tarehe hizo. Wakati Aberdeen wanatafuta jina la seli zinazojua kuondoka, Muguga walikuwa na chupa zilizojaa seli zilizosahau kuondoka. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kuunganisha mambo hayo mawili. Ilikuwa mwaka 1999 ambapo Volker Heussler, Dirk Dobbelaere na wenzao, wakiwa Bern, Uswisi, walichapisha ushahidi kwamba kimelea cha ndigana kali huzilinda seli T kilizoingia zisipukutike. Dobbelaere alikuwa amewahi kufanya kazi Kabete, katika maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa mwaka 1973 na ambayo siku hizi ni ILRI. Mwaka 2002 kundi hilo likaeleza mbinu yenyewe. Ndani ya kila seli T kuna mfumo wa protini ambao, ukiwashwa, huiambia seli: kaa hai, gawanyika, vita bado. Kwa kawaida huwashwa na adui na kuzimwa adui akiondoka. Kimelea hukusanya sehemu za mfumo huo juu ya ngozi yake chenyewe na kuziweka katika hali ya kuwaka daima. Seli inasikia mbiu ya vita isiyokoma.

Basi uvimbe ule chini ya sikio la ng'ombe wetu ulikuwa jeshi lisiloruhusiwa kurudi nyumbani. Kupe alimuuma sikioni, vimelea vikaingia seli za kinga zilizo karibu, zikazaana katika tezi la jirani, kisha zikasambaa mwili mzima, zikajaa mapafuni hata maji yakavuja ndani yake. Lile povu la puani lilitoka huko. Kwa mwenendo wake ni jambo linalofanana mno na saratani ya damu, ila kuna tofauti moja kubwa. Iko dawa iitwayo buparvakwoni, ambayo humuua mdudu pasipo kuiua seli moja kwa moja. Mdudu akishakufa, mbiu inanyamaza, na seli ile iliyokuwa haifi inaacha kugawanyika na kupukutika yenyewe. Uwezo wa kufa ulikuwemo siku zote, umezuiwa tu. Ndiyo sababu watafiti wa saratani, watu ambao hawajawahi kukamua ng'ombe, humsoma mdudu wa Muguga hadi leo. Masharti ya dawa hiyo ni kuwahi, na bei yake si ya mchezo kwa mwenye ng'ombe mmoja.

Kinga je? Muguga haohao, katikati ya miaka ya 1970, walibuni njia ambayo ukiifikiria ni kuiga bahati ya ndama wa zebu: mwambukize ng'ombe kwa makusudi vimelea hai vilivyosagwa kutoka kwa kupe na kugandishwa, na papo hapo mdunge oksitetrasaiklini ya kudumu ili augue kidogo tu. Vimelea vilitoka sehemu tatu tofauti, kimoja kikiwa cha Muguga penyewe na kingine cha Kiambu, na mchanganyiko huo unajulikana duniani kwa jina la Muguga. Sindano moja hutosha kwa miaka mingi.

Swali likawa: nini hasa kinamlinda ng'ombe aliyechanjwa? Mwaka 1994 Declan McKeever, Evans Taracha na wenzao wa Kabete walilijibu kwa ndama mapacha wanaofanana kabisa. Walichukua seli T za aina ya wauaji kutoka kwa pacha mwenye kinga, wakampa pacha mwenzake aliyeambukizwa na asiye na kinga yoyote. Akapona. Seli T muuaji hufanya kazi kwa kuishika seli iliyovamiwa na kuilazimisha ipukutike. Kwa hiyo ndani ya ng'ombe aliyechanjwa, seli T zinazijia seli T wenzao zilizosahau kufa na kuzikumbusha. Peter Doherty, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1996 pamoja na Rolf Zinkernagel kwa kueleza jinsi seli hizo huitambua seli iliyovamiwa, kitaaluma ni daktari wa mifugo, na aliwahi kukaa kwenye bodi ya maabara hiyo ya Kabete. Wasomaji wanaodhani utafiti wa mifugo ni kazi ya waliokosa nafasi ya udaktari wa binadamu wakumbuke hilo.

Lakini kumbukumbu ya seli T ina macho membamba. Inatambua alama chache tu za mdudu. Nyati wa misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, na wale wa nyanda za Laikipia, wamembeba mdudu huyu tangu zamani bila kuugua, na ndani yao ana sura nyingi mno. Watafiti walipeleka ng'ombe waliochanjwa kwa mchanganyiko wa Muguga wakalishe pamoja na nyati huko Ol Pejeta, nje kidogo ya Nanyuki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuwa ya kusikitisha: wengi wa waliochanjwa walikufa. Wauaji wao walikuwa wamefundishwa sura za wadudu wa ng'ombe, na hawa wa nyati walipita mbele yao kama wageni. Mfugaji anayepakana na msitu hana budi kujua hilo kabla ya kulipa.

Na kuna tatizo la hesabu, ambalo si la kibiolojia. Chanjo hii, ambayo kwa sasa hutengenezwa Lilongwe, Malawi, husafiri katika naitrojeni ya maji, ndani ya vijimrija vyenye dozi za ng'ombe wapatao 40. Mrija ukishayeyushwa ni lazima utumike kwa saa chache, la sivyo umwagwe. Kwa Mmasai mwenye ng'ombe mia mbili hilo si neno, na Wamasai wa Tanzania wameipokea chanjo hii kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa mlima wetu, ambako boma lina ng'ombe wawili au watatu wanaolishwa zizini, ni lazima vijiji vikubaliane siku moja, saa moja, na pesa taslimu.

Nilimwandikia mwanafunzi wangu haya yote, nikamshauri atumie kupukutika, ndigana kali na seli T, na aanze na majani ya mukima. Juzi alinijibu. Anasema cucu alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: hao ng'ombe 40, wakihesabiwa wa kanisani pamoja na wa chama cha maziwa, hawafiki? Mwanafunzi ameanza kuwahesabu. Hadi Jumapili alikuwa amefika 27.